Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Ofisi Yetu na Mfumo Mpya

Ndugu wajumbe wa Bodi na Kamati ya Usimamizi, ndugu wanachama wenzangu, nawasalimu wote.

Hesabu zilizokaguliwa zimo kwenye makabrasha yenu, Mhasibu atazisoma, na gawio lina ajenda yake. Naomba nitumie muda wangu kwa jambo lililotutoa jasho mwaka huu: kuitoa ofisi kwenye leja, yaani vitabu vya hesabu vya kuandikwa kwa mkono, na kuiingiza kwenye mfumo wa kompyuta.

Sababu za kuhama mnazijua. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imeziweka SACCOS, yaani vyama vya ushirika wa akiba na mikopo kama chetu, katika daraja la tatu la watoa huduma hizo, tunafanya kazi kwa leseni, na Tume ya Maendeleo ya Ushirika inataka taarifa zetu kupitia MUVU, mfumo wake wa kompyuta wa kusimamia vyama vya ushirika. Kuzichambua takwimu hizo kwenye leja ukurasa kwa ukurasa ilikuwa kazi ya kukesha. Hapo hapakuwa na ubishi. Ubishi ulikuwa ofisini.

Wapo wanachama walioniambia watumishi wetu wanaogopa kompyuta. Sikubaliani nao. Karani huyohuyo anayesemwa anatuma na kupokea pesa kwa simu kila siku. Hofu yake ilikuwa nyingine. Leja ina mwandiko wake. Mwanachama akija dirishani amefura kwa sababu makato ya mwezi wa tatu hayaonekani, karani anafungua ukurasa, anaweka kidole kwenye mstari, yanaisha. Sasa anaambiwa aamini namba ya kwenye skrini asiyojua imetoka wapi, na ikiwa na kasoro atakayefokewa ni yeye. Nyuma ya hilo kulikuwa na swali ambalo hakuna aliyethubutu kuliuliza kikaoni: mashine ikishaijua kazi hii, mimi nitabaki?

Bodi ililijibu swali hilo kabla ya mafunzo kuanza, na ililijibu kwa barua: hakuna atakayeachishwa kazi kwa sababu ya mfumo. Kwa maoni yangu barua hiyo ilisaidia kuliko semina yenyewe. Wataalamu wa kampuni iliyotuuzia mfumo walikuja na projekta, wakaonyesha wanachama wa kubuni ambao hawajawahi kuchelewesha rejesho hata siku moja. (Laiti tungekuwa nao!) Watumishi wakaitikia, wakasaini mahudhurio, kesho yake wakarudi kwenye leja.

Tukabadili utaratibu. Kila mtumishi alitoa majalada halisi mezani kwake, akayaingiza mwenyewe na kulinganisha. Karani wa mikopo akachukua mkopo wa shilingi 1,200,000 wa miezi 12, kwa riba ya asilimia 1.5 kwa mwezi juu ya salio. Kwa sera yetu, mkopaji anapunguza deni kwa 100,000 kila mwezi, na juu yake analipa riba ya salio: mwezi wa kwanza 118,000, wa pili 116,500, hivyo hivyo inashuka. Mfumo ukamtolea 110,016 kwa kila mwezi, toka mwanzo hadi mwisho. Akaambiwa kompyuta haikosei. Hakunyamaza. Akashika kikokotoo: kwa sera yetu riba yote ni 117,000; kwa mfumo inapita 120,000. Ikabainika mfumo ulikuwa umepangwa kwa marejesho ya kiwango kimoja, ambayo si sera tuliyoipitisha. Kampuni ikarekebisha kabla hajakatwa mwanachama hata mmoja.

Tangu siku hiyo wenzake wanamwita "injinia", na wakikwama wanamfuata yeye kwanza. Nadhani aliukubali mfumo alipoona kwamba unabishiwa na unasikia.

Kwa robo mwaka leja na mfumo vilikwenda sambamba, na watumishi walikuwa wakitoka ofisini magharibi. Walilipwa posho ya muda wa ziada. Najua kuna waliohoji posho hiyo. Msimamo wangu ni kwamba huwezi kumpa mtu kazi mbili kwa mshahara wa moja kisha ukamlaumu kwa kuchukia mabadiliko. Baada ya hapo Kamati ya Mikopo iliacha kupokea maombi yenye salio la kuandikwa kwa mkono, na sisi wajumbe, pamoja na tuliovaa miwani, tukaanza kusoma ripoti kwenye skrini. Leja ikakosa wateja.

Yapo yaliyobaki. Kuazimana nywila bado kupo, na Bodi haitalifumbia macho: kila muamala unabaki na jina la mwenye nywila, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatubana kuhusu taarifa zenu. Majina nayo yanatusumbua. Kuna mwanachama ana kadi tatu, na kila moja ina tahajia yake. Tafadhali leteni vitambulisho vya Taifa dirishani ili majina yasahihishwe.

Bodi inaomba mkutano huu uidhinishe fungu la mafunzo ya mwaka ujao, yafanyike ofisini kwetu kwa majalada yetu, na karani wa mikopo awe mmoja wa wakufunzi wanaolipwa. Aidha, leja za zamani zifungiwe kabatini, zisiharibiwe, maana maswali ya miaka ya nyuma bado yataletwa dirishani.

Naomba kuwasilisha.