Barua ya wazi kwa Naibu Chansela: Naomba ufunguo wa paa

Kwa Profesa, Naibu Chansela wa chuo chetu,

Pokea salamu zangu za heshima. Najua mahafali ni Ijumaa na una wageni, kwa hivyo sitakuzungusha.

Jumamosi asubuhi mlinzi wa jengo la Fizikia alinipigia simu: "Mwalimu, ile kitu yenu ya huko juu inakatwa." Nilipanda matatu mbili na bodaboda moja. Nilipofika, grenda ilikuwa imeshanyamaza. Juu ya mkokoteni kulikuwa na wavu wa alumini uliokunjwa kama mkeka, nguzo iliyokatwa vipande vitatu, na kopo la rangi la lita 4. Ndani ya kopo hilo kuna kijiti cha shaba cha sentimita 5 na kitu, cha kunasia mawimbi. Nilikikata mwenyewe, nikakipima kwa rula ya shule ya mwanangu. "Kilo thelathini na moja," mwenye mkokoteni akaniambia, bila ubaya wowote; yeye ni mtu wa skrepu, ameitwa, amekuja. Kopo nilimrudishia shilingi 50, akanipa.

Kilichokatwa ni darubini ya redio, Profesa. Unaijua. Umepigwa picha kando yake, mkono begani pa mwanafunzi, na picha hiyo iko kwenye kalenda ya chuo ya mwaka huu, ukurasa wa Agosti. Maandishi ya chini yanasema tunachunguza asili ya ulimwengu. Nimeitundika ofisini. Yaani kwenye meza niliyoazimwa.

Labda hukuelezwa inafanya nini, na kosa hilo nalibeba mimi. Atomu ya haidrojeni iliyojikalia angani, baridi, bila kusumbuliwa na mtu, hutoa wimbi la redio la sentimita 21, megahezi 1,420. Atomu moja yaweza kungoja miaka milioni 10 na zaidi kabla ya kutoa wimbi hilo, lakini kwenye galaksi, yaani mkusanyiko mkubwa mno wa nyota na gesi, atomu hazihesabiki, kwa hivyo sauti haikatiki. Gesi ikitukimbia, wimbi linarefuka, ikitujia, linafupika. Basi. Kwa hilo tu watu walichora mikono ya Njia Nyeupe, galaksi tunamoishi, ambayo hakuna anayeweza kutoka nje kuipiga picha.

Julai mwaka jana, saa sita na nusu usiku, kundi la nyota la Tai likiwa utosini, tulilielekeza dishi juu moja kwa moja. Dishi lenyewe ni la futi 8, lilitupwa na baa moja ilipobadilisha kisimbuzi. Kipokezi ni kile cha televisheni, kidogo kama kidole gumba, kinachochomekwa kwenye kompyuta. Tulisubiri dakika kumi na tano. Kwenye skrini vikainuka vilima, kimoja, viwili, halafu cha tatu kimejitenga pembeni, masafa yake yameshuka kwa zaidi ya megahezi 0.4. Hiyo ni gesi inayotukimbia kwa kilomita 90 hivi kila sekunde. Msichana wa mwaka wa tatu aliuliza, "Iko wapi?" Nikamwonyesha kwa kidole. Akatazama juu, mandazi mkononi, akasahau kuyala.

Usije ukadhani ni mchezo wa watoto. Machi 1951, Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, wanafizikia Ewen na Purcell waliligundua wimbi hilo hilo kwa faneli ya mbao na shaba iliyochomozwa nje ya dirisha, kwa msaada wa dola 500. Mvua ilikuwa ikiingia ndani, na wanafunzi wapitao chini walilenga humo matonge ya theluji. Faneli hiyo leo inatunzwa Green Bank, West Virginia. Hakuna aliyeipima kwa kilo.

Na wimbi hilo hilo ndilo linalotafutwa na darubini ya redio ya MeerKAT huko Karoo, Afrika Kusini, dishi 64, kila moja mita 13.5. Mradi wao mmoja unaitwa LADUMA, neno la Kizulu la kunguruma ambalo mashabiki wa soka hulipaza mpira ukiingia wavuni. Umetengewa zaidi ya saa 3,000 kukodolea kipande kimoja tu cha anga, ili kuona galaksi zilikuwa na gesi kiasi gani zamani, maana galaksi bila gesi haizai nyota. Wimbi lililotoka karibu miaka bilioni 8 iliyopita hufika likiwa limerefuka mara mbili, megahezi 710. Lililotoka miaka bilioni 5 hivi iliyopita huangukia kwenye megahezi 900 na kitu, pale pale zinapoongea simu zetu. Ndiyo maana wenzetu walipeleka dishi zao jangwani, na mwaka 2007 wakatunga sheria ya kulinda utulivu wa eneo hilo.

Sisi tumepangisha paa.

Nasema hivyo kwa sababu tangu Mei kuna antena za simu kwenye paa lile lile. Kama ndizo zilizotuponza, sijui. Wengine wanasema ni rangi, kwamba paa lilipakwa upya ili lipendeze droni ikipiga picha za mahafali. Msimamizi wa majengo aliniambia "ni amri kutoka juu", na juu yake ninamjua mtu mmoja tu, Profesa, ingawa naweza kuwa nakuonea. Ninachojua ni kwamba antena zimebaki, na dishi halipo.

Kwenye hotuba zako hukosi kutaja kwamba Kenya ni mmoja wa washirika wa Afrika katika mradi wa SKA, ule wa kimataifa wa darubini kubwa ya redio. Ni kweli. Ghana pia ni mshirika, na mwaka 2017 walizindua dishi la Kuntunse, mita 32, la zamani la mawasiliano ya satelaiti walilolifufua likawa darubini. Hupendi pia kuiacha satelaiti ya Uhuru. Ni kweli vilevile: tarehe 12 Desemba 1970 ilirushwa baharini karibu na Malindi, satelaiti ya kwanza ya kuchunguza miali ya eksirei angani, wakaipa jina la Kiswahili kwa sababu ilikuwa sikukuu yetu ya uhuru. Iligundua kwamba baina ya galaksi zilizokusanyika pamoja kuna gesi ya moto mkali. Tunajivunia jina. Vifaa vilikuwa vya wageni. Hiki tulichokifunga kwa waya na gundi kilikuwa chetu.

Mwaka juzi Septemba, mbele ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza, uliahidi vitu vitatu: chumba kidogo cha kompyuta, umeme usiokatika, na kufuli ili chombo kisiguswe na mtu. Nakushukuru, kufuli limepatikana. Liko kwenye mlango wa paa tangu Jumamosi, jipya. Sisi ndio tuko upande usio sahihi.

Mimi ni mhadhiri wa muda. Malipo ya mihula mitatu sijayaona, na leo sikuja kuyadai, ingawa nikiyataja huwa vigumu kunyamaza. Kikuza mawimbi kilinunuliwa kwa mkopo kutoka chama cha mke wangu. Kisanduku chake hakikuwemo kwenye mkokoteni. Mkopo bado upo. Nyumbani kwangu neno galaksi limepigwa marufuku mezani. Nina mwanafunzi wa uzamili aliyekwisha kupima mielekeo 19 kati ya 36 ya tasnifu yake. Jumatatu alikuja na daftari lake, akauliza kama mchoro wa nusu galaksi unaweza kupita. Nilimwambia nitaulizia. Basi naulizia.

Nilikuwa nimeandika hapa mambo saba ya kudai. Fidia, barua ya msamaha, uchunguzi, zile antena zihamishwe. Nimeyafuta. Fidia najua itaundiwa kamati.

Dishi lingine tumeshapata. Mwenye baa ile ile ana ndugu yake aliyebadilisha lake, atatupa bure tukibeba wenyewe. Nguzo tutachomelea. Kopo ninalo, na kijiti ndani yake hakikupinda.

Naomba ufunguo wa paa. Mafundi wa antena wanao, nimewaona wakipanda Jumatano. Ni mlango wa ghorofa ya nne, upande wa karakana. Sihitaji wa kukaa nao. Hata wa kuazima, Profesa, kuanzia saa mbili usiku, nitie sahihi kwenye kitabu cha mlinzi, nami nitaurudisha alfajiri kabla gari lako halijaingia getini.

Wako mtiifu,
Mhadhiri wa muda, Idara ya Fizikia