Mkono wa semafori uanguke wenyewe

Ndugu Mhariri,

Katika ukurasa wenu wa vijana mlichapa picha ya reli ndogo iliyoundwa kwa waya na makopo: treni imesimama stesheni, na mbele yake semafori mbili, zile nguzo zenye mkono unaomwambia dereva apite au asimame, zimenyanyua mikono. Kazi ya mabehewa ni safi, hatuna la kusema. Lakini maandishi chini ya picha yaliziita semafori hizo pambo, na ukitazama vizuri mikono imebandikwa kwa gundi. Treni imesimama, ishara zote mbili zinasema "pita". Mtu wa reli akiona hivyo anashtuka. Tunaomba nafasi tueleze jinsi ya kuunda semafori inayofanya kazi kwa vitu vinavyopatikana hapa Lubumbashi, na kwa nini mkono urudi kwenye "simama" kwa uzito tu, wala si kwa kusukumwa na mota.

Semafori za reli zilianza Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1840, mhandisi Charles Hutton Gregory alipoisimamisha ya kwanza New Cross, London. Kwa miaka mingi mkono ulizunguka ndani ya mwanya uliochongwa kwenye nguzo, na kawaida yake ilikuwa kuonyesha "pita" mpaka mtu auweke "simama". Tarehe 21 Januari 1876, karibu na Abbots Ripton, theluji ilijaa katika mianya hiyo ikaganda. Wenye vibanda vya ishara walirudisha wenzo, mikono ikabaki "pita". Treni ya haraka iliyotoka Scotland ikaigonga treni ya makaa, kisha treni nyingine ya haraka, iliyotoka London, ikaja kugonga mabaki. Baada ya hapo kawaida ikageuzwa, mkono ukawa unakaa "simama" hadi njia ithibitishwe kuwa wazi, na kampuni ya reli ile ikautoa mkono ndani ya mwanya na kuuweka nje ya nguzo. Huku kwetu hakuna theluji, ila kuna vumbi jekundu la kiangazi na rangi iliyopakwa haraka haraka. Hivyo viwili vinaunasa mkono wa sentimeta mbili bila shida yoyote.

Kwanza vipimo. Vijana wengi wanapata njia ya milimita 16.5, ile ya kipimo cha 1 kwa 87. Kwa kipimo hicho njia hiyo ni reli ya Ulaya ya milimita 1435. Reli yetu ya Katanga ina upana wa milimita 1067, kwa hiyo ukitumia njia ileile ya 16.5 lakini ukaunda magari na semafori kwa 1 kwa 64, unapata 1056, karibu kabisa na kweli. Vipimo vyote hapa chini ni vya 1 kwa 64. Mkono wa mita 1.2 unakuwa milimita 19. Nguzo ya mita 6.5 inakuwa kama milimita 100. Upana wa mkono ni milimita 4 upande wa nguzo na 4.5 kwenye ncha. Watu wengi wanaukata wenye pande sambamba, na unaonekana kama rula.

Nguzo bora ni antena kuukuu ya redio. Vipande vyake ni mirija ya shaba ya njano inayoingiana, kwa hiyo nguzo inapungua unene kuelekea juu kama ya kweli, na waya wa taa unapita ndani. Shida yake ni kromu ya juu, ambayo bati la kulehemu haliishiki vizuri. Isugue kwa msasa mpaka shaba ionekane kila mahali utakapolehemu. Shaba nyekundu, ambayo mji huu hauipungukiwi, msiitumie kwa nguzo wala kwa ekseli: ni laini, inapinda ukiigusa kwa kiwiko.

Mkono ukatwe kwenye kopo la nyanya au la maziwa. Makopo ya bia na soda mengi ni aluminiamu, hayalehemiki kwa bati la kawaida. Ukiwa na shaka, jaribu kwa sumaku: ikishika, ni sawa.

Sasa ekseli, maana hapo ndipo semafori nyingi zinapokufa. Nunua duka la dawa sindano mpya ya namba 21, ile yenye kichwa cha kijani. Kwa nje ina karibu milimita 0.8, kwa ndani karibu 0.5. Ikwaruze kwa tupa kuizunguka, kisha ivunje. Usiibane kwa koleo la kukatia, inafungana mdomo. Chukua kipande cha milimita 6, safisha midomo yote miwili kwa msasa. Toboa nguzo kwa keekee ya 0.9, milimita 8 chini ya kilele, pitisha kipande hicho na kishike kwa gundi ya sehemu mbili. Gundi ya haraka usiilete hapa kabisa, kwa sababu inajivuta yenyewe ndani ya mrija. Ekseli ni uzi wa gitaa usiosokotwa, wa tatu, wenye unene wa 0.43. Unazunguka ndani ya sindano bila kuyumba.

Uzuri wa sindano hauko kwenye tundu tu. Ni ya chuma kisichoshika kutu, na bati la kulehemu lenye utomvu haliishiki. Uzi wa gitaa mara nyingi umepakwa bati, unashika mara moja. Kwa hiyo unaweza kuulehemu mkono kwenye ekseli milimita moja tu kutoka kwenye sindano na ekseli isigande. Hilo ni kweli kwa utomvu peke yake. Ukitumia asidi ya mafundi wa makopo, bati litaingia hadi kwenye sindano, na wiki inayofuata utaona kutu. Weka pia kipande cha karatasi kilichotobolewa kati ya mkono na nguzo wakati wa kulehemu, halafu kitoe kwa kukichana.

Nyuma ya nguzo, kwenye ncha nyingine ya ekseli, lehemu krenki: kipande cha bati chenye tundu milimita 4 kutoka katikati ya ekseli. Krenki ielekee upande uleule wa mkono. Mkono ukiwa umelala sawasawa, krenki iiname chini nyuzi 22 na nusu. Mkono ukipanda nyuzi 45, krenki itakuwa imepanda nyuzi 22 na nusu juu ya mlalo. Fimbo basi inasafiri milimita 3 tu, na mwendo wake ni karibu wima mwanzo hadi mwisho. Mtu akiiweka krenki imelala sambamba na mkono, mkono unapanda vizuri mwanzoni halafu fimbo inavutwa pembeni na kukwaruza nguzo. Krenki ikigeukia upande wa pili, fimbo ileile ikipanda itaushusha mkono, na utakuwa umeunda semafori ya kushuka kama za reli ya Great Western ya Uingereza. Lakini hizo zina mtego: mkono wenyewe unataka kuangukia "pita", na lazima upande wa miwani ya rangi, yaani fremu ya vioo vya taa, uwe mzito kuliko mkono. Anayeanza aunde ya kupanda.

Fimbo ni uzi wa gitaa wa 0.33, unashuka nyuma ya nguzo kupitia kipete kimoja katikati na kupenya ubao. Chini ya ubao funga nati za gramu 10 kwenye fimbo. Mkono wa bati wa ukubwa huu hauna hata robo ya gramu, hauwezi kuishinda chembe ya vumbi wala mkwaruzo wa rangi. Nati ndizo zinazouvuta hadi kwenye kizuizi, nacho ni kipande cha waya kilicholehemiwa nguzoni mahali mkono unapolala sawasawa. Servo, ile mota ndogo inayogeuka hadi nafasi unayoiagiza na kukaa hapo, haifungwi kwenye fimbo. Inakaa chini, na pembe yake, kile kijiti cheupe cha plastiki, inazinyanyua nati kutoka chini na kuziachia. Pembe iking'oka, meno ya plastiki yakivunjika au skrubu ikilegea, nati zinashuka na mkono unasema "simama". Tumeona vijana wakiunganisha servo na krenki kwa waya mgumu wa pande mbili. Inafanya kazi mpaka siku mkono unaponasa, hapo servo inaulazimisha hadi lehemu inaachia.

Servo ndogo ya gramu 9, SG90, inatosha na kubaki. Pembe igusane na nati milimita 6 kutoka katikati yake, na isafiri milimita 4: moja ya hewa, ili nati zining'inie huru kwenye "simama", na tatu za kazi. Hiyo ni kama nyuzi 39, yaani mapigo ya umeme yanayoiagiza servo, kuanzia mikrosekunde 1300 hivi hadi 1700. Servo za bei rahisi hazifanani, kwa hiyo pima kila moja. Kwa kupanda, ongeza mikrosekunde 8 kila baada ya milisekunde 20, mkono utachukua sekunde moja. Kwa kushuka, iachie haraka: nati zinaanguka, mkono unadunda kidogo kwenye kizuizi kama wa kweli, na hukuandika hata mstari mmoja wa programu kwa ajili hiyo. Kwa kuwa pembe haibebi kitu mkono ukiwa "simama", ile kelele ya servo kunung'unika usiku kucha haipo.

Umeme wa servo utoke kwenye chaja ya simu ya volti 5, ampea 2, si kwenye pini ya Arduino, kile kibao kidogo cha kompyuta kinachoiongoza servo. Servo iliyokwama inavuta zaidi ya nusu ampea, na Arduino inazimika na kujiwasha upya. Weka kapasita ya mikrofaradi 470 karibu na servo, na unganisha waya hasi wa chaja na ule wa Arduino. Ukiusahau, servo itatetemeka bila sababu unayoiona. Ndani ya programu, andika nafasi ya "simama" kabla ya kuiunganisha servo na pini. La sivyo inarukia katikati kila unapowasha.

Umeme ukikatika mkono ukiwa juu, meno ya servo yataushikilia hapohapo. Hilo hatulifichi. Treni nayo imesimama, hivyo hakuna ajali. Hatari iko umeme unaporudi. Basi pitisha umeme wa njia kwenye relei, swichi inayoendeshwa kwa umeme, ambayo Arduino inaifunga sekunde 2 baada ya kushusha semafori zote. Asiyetaka programu atumie wenzo wa mkono pembeni mwa meza na uzi wa nailoni wa kuvulia samaki uliopitishwa kwenye mirija ya kalamu, unaovuta kipande cha bembea kinachonyanyua nati. Uzi ukikatika, nati chini, mkono "simama". Kusema ukweli huo ndio mfumo unaofanana zaidi na wa kweli, na hauhitaji furanga nyingi.

Treni ikipita ishara iliyo "simama", kazi yote ni bure. Kata reli moja sentimeta 30 kabla ya semafori na ulishe kipande hicho kupitia swichi ndogo iliyotolewa kwenye panya wa kompyuta aliyekufa. Swichi ibonyezwe na pembe ya servo inapofika juu, kamwe si na nati: swichi ya panya inataka gramu 60 na zaidi, na nati zako za gramu 10 zitakalia juu yake bila kuifunga. Mkono ukinasa juu kwa bahati mbaya huku pembe imeshuka, ishara itadanganya lakini treni haitasogea.

Taa. Mafundi wa simu wa soko la Kenya, hapa mjini, wana vijitaa vidogo kwenye vioo vilivyovunjika. Omba nyeupe inayoelekea njano. Katika semafori za kweli mwali wa mafuta ya taa ni wa njano, ndiyo maana kioo cha "pita" kilikuwa cha samawati-kijani, na dereva aliona kijani. Ukiweka kioo hicho mbele ya taa nyeupe ya baridi utapata buluu ya baa. Resista ya kilo-omu 1 kwa volti 5 inatoa miliampea 2, na hiyo inatosha. Wanaoweka omu 100 wanapata mnara wa simu.

Paka rangi kabla ya kuunganisha: uso mwekundu wenye mstari mweupe wima karibu na ncha, mgongo mweupe wenye mstari mweusi. Mkono wa Kiingereza unaelekea kushoto kwa dereva, wa Kijerumani kulia. Chagua picha moja uifuate. Kwenye ekseli usitie mafuta, vumbi la mwezi wa nane litayageuza kuwa udongo. Vumbi la ncha ya penseli ndilo linalofaa. Na kila kitu, nguzo pamoja na servo, kikae kwenye bamba moja la chuma la milimita 30 kwa 50 linaloshushwa kwenye tundu la tripleksi, ule ubao wa tabaka zilizogundishwa. Mvua zikianza tripleksi inavimba na kupinda, na servo iliyoskrubiwa kwenye ubao peke yake inapoteza ile milimita moja ya hewa. Mkono unabaki umeinuka nyuzi chache, si "simama" wala "pita".

Vijana wa picha ile wakitaka, nguzo zao hazihitaji kubomolewa. Wang'oe mikono tu, watoboe tundu la 0.9 na waanzie kwenye sindano.

Mafundi wa reli ndogo,
Komini ya Kamalondo, Lubumbashi