Mwanangu, habari za bega nimezisikia

Mwanangu,

Nakuandikia nikiwa ndani ya lori, huku Bonde la Yakima, jimbo la Washington. Nasubiri kupakiwa tufaha na foleni haisogei. Jana usiku mama yako alinipigia. Kumbe bega linakuuma wiki ya tatu sasa, na wewe unajifungia bafuni kujipaka dawa ya kuchua. Harufu ndiyo iliyokuumbua.

Sikugombezi. Ila asubuhi nimepita Mabton, kamji kadogo kabisa, mashamba ya hopsi, mmea wa kutengenezea bia, pande zote, mimea imetambaa juu ya nyaya kama kunde zilizopewa ngazi. Hapo ndipo alipokulia Mel Stottlemyre, mrushaji wa zamani wa besiboli, mchezo wako huo. Mimi mtu wa Tanga, nimekulia kwenye kandanda. Huyu mzee nimemjua kwa ajili yako, nikitafuta cha kuongea na wewe mezani.

Agosti 1964 Yankees, timu ya New York, walimpandisha ligi kuu akiwa na miaka 22. Akashinda mechi 9, akapoteza 3, na Oktoba wakampanga mara tatu kwenye fainali na St. Louis, kila mara upande wa pili anarusha Bob Gibson. Mara ya kwanza alimshinda. Mechi ya saba aliianza akiwa amepumzika siku 2 tu. Akatolewa mapema, kombe likaenda St. Louis. Kasi ya kutisha hakuwa nayo. Mpira wake ulikuwa wa kuzama: unamjia mpigaji sawasawa, akishakunjua mikono unadidimia, anaugusa kwa juu, unabingirika chini hadi kwa wadakaji. Ule ule unaokushinda wewe.

Mwaka 1969 alirusha raundi 303, na mechi moja huwa na raundi 9, na mechi 24 alizimaliza mwenyewe, mwanzo hadi mwisho. Siku hizi kocha akimtumikisha kijana hivyo nadhani wazazi wataita polisi. Mwaka 1974 msuli wa bega ukachanika. Masika ya mwaka uliofuata Yankees wakamwacha, akiwa na ushindi 164 na umri wa miaka 33. Madaktari wa wakati ule hawakuwa na la kumfanyia.

Mwaka 1981 akamzika mwanawe mdogo, Jason, miaka 11, saratani ya damu. Hapa sina la kuongeza.

Ukocha ndio ulimrudisha kwa watu. Mwaka 1984 alianza kuwanoa warushaji wa Mets, timu nyingine ya New York, akamkuta Dwight Gooden, miaka 19, moto mtupu. Msimu wa 1985 Gooden alishinda 24 akapoteza 4. Kisha Stottlemyre akataka kumwongezea namna nyingine ya kurusha mpira, na hadi leo wapo wanaomlaumu kwamba alichokonoa kisichouma. Mimi naona aliona mkono ule hautadumu kwa nguvu peke yake. Huenda nakosea, lakini mtu aliyechanika bega hulitazama la mwenzake kwa jicho lingine. Mets walibeba kombe 1986. Kuanzia 1996 hadi 2005 akawa kocha wa warushaji Yankees, wale wale waliomwacha, makombe manne. Wanawe wawili waliobaki, Todd na Mel mdogo, wote walirusha ligi kuu.

Juni 2015, akiwa mgonjwa wa saratani ya uboho, Yankees walimwita uwanjani kama mgeni tu, kumbe wamemwandalia kibao chake cha heshima kwenye bustani ya magwiji. Alisimama pale kofia kichwani, akatania kwamba asipoweza kurudi tena ataanzisha timu yake huko juu. Alifariki Januari 2019.

Sasa wewe. Jumatatu kabla ya mazoezi nenda kwa kocha, mwonyeshe kwa kidole panapouma, mbele au nyuma, na umwambie ni tangu lini. Usiseme "kidogo". Mimi nafika Ijumaa usiku, tutakwenda wote kwa daktari Jumamosi. Na hiyo dawa ya kuchua ni ya mama yako, mrudishie.

Wananiita getini.

Baba yako