Malalamiko kuhusu lori la farasi mliloniuzia

Kizota,
Dodoma.
23 Juni 2025

Meneja,
Yadi ya Magari,
Dodoma.

Ndugu Meneja,

YAH: KUTU ILIYOFICHWA KWENYE LORI AINA YA BEDFORD NILILONUNUA KWENU TAREHE 12 MEI 2025

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ndiye niliyenunua lile lori kuukuu la kijani la kubebea farasi, lililokuwa limeegeshwa kwenye kona ya yadi yenu chini ya mwarobaini. Sidhani kama mmenisahau, maana siku ninaliondoa vijana wenu walinipiga picha huku wakicheka. Nililipa shilingi 16,500,000 taslimu na risiti ninayo.

Niseme mapema ili tusipoteze muda: silalamiki kwamba lori ni kuukuu. Bedford TK ni gari la Uingereza la miaka ya sitini, na anayelinunua leo anajua kwamba anamchukua mzee na atamlea. Kutu pia niliiona. Ilikuwa kwenye milango, chini ya kioo cha mbele na kwenye ngazi ya kupandia kwa dereva, na hiyo niliipigia hesabu kabla sijatoa hela. Kutu inayoonekana sina ugomvi nayo. Ninayoilalamikia ni ile mliyoificha.

Huenda mnajiuliza mchuuzi wa mbuzi alitaka nini kwenye gari la farasi, hasa huku kwetu ambako farasi ni mnyama wa kuonekana kwa polisi tu, na sisi wengine tuna punda. Nilichokitaka ni lile daraja la nyuma. Nimefanya kazi hii miaka kumi na tisa, na miaka yote tumekuwa tukipakia mbuzi kwa kumnyanyua mmoja mmoja, huyu ameshika pembe na yule ameshika miguu, mpaka jioni mgongo unakataa. Lori lenu lina mlango wa nyuma unaolala chini ukawa daraja, una springi mbili pembeni zinazoubeba uzito, na watu wawili wanaufunga bila kutoa jasho. Ndani kuna pete za kufungia na vizuizi vya mbao vilivyovikwa ngozi ili mnyama asijiumize gari likikata kona. Aliyelibuni alimfikiria mnyama. Nilipoliona nilisema hili ni langu, na hapo bado sijauliza bei. Kosa hilo nalikubali, ni langu.

Kijana wenu wa mauzo aliniambia mambo matatu mbele ya dereva wangu. Kwamba chasisi imekaguliwa na ni nzima. Kwamba sakafu ni mpya. Kwamba chini yote pamepigwa msasa hadi kwenye chuma kabla ya kupakwa ile rangi nyeusi nzito kama lami. Nilipomuuliza kama naweza kuliingiza kwanza gereji fundi wangu alitazame kwa chini, alisema kuna mteja wa Singida anakuja saa nane. Sijui kama mteja huyo alikuwepo.

Jumamosi ya tarehe 7 Juni nililipeleka mnadani Msalato, safari yake ya kwanza ya kazi. Nilinunua mbuzi 22 na dume mmoja la ng'ombe. Mbuzi walipanda daraja kwa miguu yao wenyewe na watu wakajaa kutazama, hata wachoma nyama waliacha majiko yao. Nikajisifu. Tulitoka saa tisa, na kabla hatujafika Chuo cha Mipango utingo akaanza kupiga bodi kwa kiganja na kupiga kelele. Dume alikuwa ametumbukia. Mguu wake wa nyuma wa kulia ulikuwa umetoboa sakafu hadi kwenye paja, na kwato inaning'inia juu ya lami, sentimita chache kutoka kwenye shafti. Kama dereva asingesimama palepale, sipendi kufikiria.

Tulimtoa kwa mtaimbo na shoka, tukipanua tundu ili mguu upite, huku mbuzi wanamkanyaga mgongoni na magari yanatupigia honi. Ilichukua karibu saa nzima. Mfupa haukuvunjika ila ngozi ilichunika vibaya, na jioni hiyohiyo ilibidi nimuuze kwa mchinjaji kwa pungufu ya shilingi 400,000. Na kwa Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, anayebeba mnyama kwenye gari bovu ndiye anayeulizwa. Angepita afisa mifugo pale, angeniuliza mimi, siyo ninyi.

Sakafu "mpya" kumbe ni mpira. Mlitandika mpira mpya mweusi juu ya mbao zilezile za zamani. Tulipouvua tulikuta plaiwudi imekuwa laini kama mkate uliolowekwa kwenye chai; nilichomeka funguo za nyumba zikazama zote. Fundi wangu alinieleza kwamba huu ndio ugonjwa wa magari ya farasi popote yalipo. Mkojo wa mnyama unapenya kwenye maungio ya mpira, unanaswa chini, haukauki, unaozesha mbao kisha unaanza kula chuma kilichobeba mbao. Na gari lililotoka Uingereza limeshakula chumvi wanayomwaga barabarani majira ya baridi ili kuyeyusha barafu. Ndiyo maana gari lililozeekea hapa Dodoma jua linaharibu rangi na kupasua mipira, lakini chasisi mara nyingi unaikuta imara. Hilo lenu ni kinyume: juu linang'aa, chini limekwisha.

Baada ya hapo fundi akasema tulitazame lote. Alichukua sumaku iliyotolewa kwenye spika ya redio mbovu, akaifungia kitambaa ili isikwaruze, akaanza kuipitisha kwenye bodi taratibu. Palipo na chuma inang'ang'ania. Palipo na puti, ile ya kuzibia mashimo kabla ya rangi, inadondoka mkononi mwake. Upande wa kushoto, juu ya tairi la nyuma, ilidondoka kwa urefu wa mkono wangu mzima. Kisha akaingia chini na nyundo ndogo, anagonga chasisi huku mimi nasikiliza. Ko, ko, ko, halafu pu. Akarudi nyuma kidogo: ko, ko, pu. Pale kwenye "pu" akaweka grenda, na ile rangi yenu nyeusi ikabanduka kama ganda la kidonda. Chini yake palikuwa na puti, na chini ya puti kulikuwa na magazeti.

Naomba msome sentensi hiyo tena. Kwenye chaneli iliyobeba bodi la lori la mifugo kulikuwa na tundu la kupitisha ngumi, nalo limejazwa magazeti yaliyokunjwa, yakapakwa puti na kupigwa rangi.

Nilipowapigia simu tarehe 10 Juni, mliniambia kwamba hamhusiki, lori lilikuja hivyohivyo kutoka Uingereza. Magazeti hayo ni ya Kiswahili. Ukurasa mmoja ni wa michezo, unazungumzia Simba na Yanga, na tarehe yake ni ya mwezi Februari mwaka huu. Kwa hiyo tundu huenda lilitoka ng'ambo, lakini aliyeliziba alilizibia hapa, lori likiwa tayari mikononi mwenu.

Kuna na mabomba ya breki, mawili yamelika mpaka yanavuja jasho la mafuta. Na waya za taa za nyuma, ambazo nimezirekebisha mwenyewe na sitawadai.

Najua pia mtanionyesha muhuri ulio chini ya risiti: "Mali ikishauzwa hairudishwi." Mimi sitaki kuirudisha. Mke wangu anashangaa, lakini lori nimelipenda na nitalitengeneza. Tayari nimekata madirisha upande wa juu ili wanyama wapate hewa, maana bodi la farasi limezibwa kwa ajili ya baridi na kwa jua letu lingekuwa tanuri. Ila muhuri hauwezi kugeuza uongo ukawa kweli. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inamtaka muuzaji atoe kitu kinachofaa kwa kazi aliyoelezwa na mnunuzi, na mimi niliwaeleza kazi yangu siku ya kwanza. Kijana wenu hata alinitania kuhusu harufu ya beberu.

Ninachodai ni gharama za yale mliyosema yamefanyika na hayakufanyika. Mbao za sakafu ni shilingi 1,140,000. Bati nene na chaneli mbili 1,870,000. Kuchomelea na ufundi 900,000. Mabomba ya breki 260,000. Na hasara ya dume 400,000. Jumla ni shilingi 4,570,000. Milango, rangi, viti na injini sijavigusa kwenye hesabu hii, kwa sababu hivyo niliviona kwa macho yangu nikakubali. Na mngeniambia ukweli siku ile, ningelinunua vilevile, ila kwa bei ya gari lenye tundu. Tungemalizana kwa milioni kumi na mbili na leo ningekuwa nawaletea wateja.

Nawapa siku 14 kuanzia siku mtakayopokea barua hii. Zikipita kimya, nitaipeleka Tume ya Ushindani (FCC), hapahapa Dodoma, pamoja na picha. Kama mnataka kuhakikisha kabla ya kulipa, mleteni fundi wenu. Lori lipo gereji hapa Kizota, limewekwa juu ya magogo, sakafu imevuliwa, na tundu tumeliacha wazi makusudi mpaka mje. Asije yule kijana wa mauzo peke yake.

Nimeambatanisha nakala ya risiti, picha tisa, hesabu ya fundi, na mfuko wa nailoni wenye kipande cha puti na nusu ya ukurasa wa michezo. Nusu nyingine ninayo mimi.

Wenu,

Mnunuzi wa lori la farasi,
Kizota, Dodoma.