UPS ya kompyuta si UPS ya maabara

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie ununuzi wa UPS, yaani kifaa chenye betri kinachoshikilia mashine kwa muda umeme unapokatika, jambo ambalo sisi tunaofanya kazi katika maabara za hospitali hulinung'unikia pembeni kwa muda mrefu, bila kulifikisha kwa wanaosaini hati za ununuzi.

Mashine ya GeneXpert, ambayo Shirika la Afya Duniani liliidhinisha itumike kupima kifua kikuu mwaka 2010, inaweza kuchukua karibu saa mbili kutoa jibu la makohozi ya mgonjwa mmoja. Umeme ukikatika kipimo kikiwa karibu kwisha, katriji, yaani kikasha kinachobeba sampuli ndani ya mashine, huwa imeharibika, na iwapo sampuli haikubaki, mgonjwa ambaye pengine amekwisharudi kijijini hulazimika kuitwa upya.

Katika kituo nilichowahi kufanyia kazi, hati ya zabuni ilitaja "UPS, VA 1000" na kuishia hapo. Aliyeshinda kwa bei alileta ile ya kompyuta za ofisini, na yeye hakukosea, kwa kuwa alileta alichoombwa. Lakini VA (volti mara ampea) 1000 si wati 1000. UPS za daraja hilo mara nyingi hutoa wati 600 au pungufu. Mwenzetu mmoja alipochomeka humo printa ya leza, ambayo huvuta umeme mwingi inapopasha moto, UPS ilipiga kelele na kuzima kila kitu kabla jenereta halijashika.

Aina nayo ina uzito wake. UPS ya bei nafuu hukaa ikisubiri umeme ukatike ndipo ihamie kwenye betri. Nyingine hurekebisha pia volti zinapopanda na kushuka, nayo ni nzuri kiasi, ila jenereta likiyumba huukataa umeme wake na kuendelea kula betri hadi iishe, huku jenereta likinguruma nje. Ile ambayo mafundi huiita onlaini hupitisha umeme wote katika hatua mbili, ikiutengeneza upya muda wote, hivyo mashine haipati hata mkatiko wa kufumba na kufumbua. Ni ghali zaidi na hutoa joto, lakini kwa kifaa cha thamani kubwa namna hii siioni sababu ya kubana hapo. Stebilaiza, yaani kifaa cha kusawazisha volti, ambayo wengi huitaja kama mbadala, haihifadhi umeme wowote.

Aprili 1, 2024, hitilafu ya gridi ya Taifa iliiacha sehemu kubwa ya nchi gizani kwa saa kadhaa, na hakuna UPS ya kawaida inayoweza kuvuka muda kama huo. Kazi yake ni kuvusha hadi jenereta liwake. Kituo kisicho na jenereta hakina budi kununua betri za ziada, au za umeme wa jua, zinazotosha kumaliza kipimo kilichokwisha kuanza. Majokofu ya kugandisha sampuli yasiunganishwe kwenye UPS, kwa sababu kompresa inapoanza huvuta umeme mara kadhaa zaidi ya kawaida yake.

Kuna pia suala la betri, ambalo bajeti zetu hulisahau kabisa. Betri za madini ya risasi zilizofungwa hupendelea nyuzi joto 25 hivi, na kila nyuzi kumi zinazozidi hapo hupunguza maisha yake kwa takriban nusu. Chumba kisicho na kiyoyozi, Tanga au Dar es Salaam, ni rahisi kukisia kitazifanya nini.

Ninachoomba ni kwamba sifa za UPS ziandikwe na mtu wa maabara pamoja na fundi wa vifaa tiba: wati halisi, aina, dakika zinazohitajika chini ya mzigo wenyewe, na fedha za kubadilisha betri. Na kabla ya kusaini kupokea, plagi ichomolewe ukutani mbele ya muuzaji, mzigo wote ukiwa umewashwa na hakuna sampuli ya mgonjwa ndani, kisha dakika zihesabiwe kwa saa.

Mtaalamu wa maabara,
Morogoro