Pengo lisubiri kidogo

Mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako wa sauti nimeusikilizia jikoni hadi chapati ikaungua upande mmoja. Nimefurahi kusikia daktari wa meno amekubali kukupandikizia jino la mbele, maana najua tangu ile ajali ya bodaboda unacheka umeziba mdomo. Ila kuna jambo sikukusikia ukiligusa: umemwambia kwamba una ugonjwa wa Crohn, huo uvimbe sugu wa utumbo?

Nakujua, utasema tumbo ni tumbo na jino ni jino. Sivyo. Hiyo skrubu ya titani inayowekwa tayani ili ibebe jino haishikwi na gundi wala saruji. Inashikwa na mfupa wa taya wenyewe, unaoota na kuikumbatia, na ndivyo ilivyo tangu Brånemark, yule daktari Mswidi, alipompandikizia mgonjwa wa kwanza kule Gothenburg mwaka 1965. Wiki za mwanzo ndizo zenye mtihani. Mfupa wa zamani uliotobolewa unaliwa huku mpya bado haujakomaa, kwa hiyo skrubu iliyokaza siku ya upasuaji hulegea kidogo kabla ya kushika tena. Kwa kawaida husubiriwa miezi 3 hadi 6 kabla ya kufungwa jino juu yake.

Sasa utumbo wako ukiwaka, moto hauishii tumboni. Kemikali za uvimbe, ikiwemo hiyo TNF anayokutajia daktari wako, husafiri na damu, zikaziamsha seli zinazobomoa mfupa na kuzizubaisha zinazojenga. Utumbo wenye vidonda nao haunyonyi vizuri kalsiamu wala vitamini D. Kisha kuna prednisoloni, hiyo dawa yako ya kushusha uvimbe. Inakutuliza, sikatai, lakini ikitumika muda mrefu mfupa hulipa. Miaka yangu ya wodini niliwahi kumhudumia mama wa makamo aliyekuwa akiinywa kwa miezi mingi. Aliinua ndoo ya maji tu, pingili ya mgongo ikabonyea.

Mwaka 2007 watafiti wa Leuven, Ubelgiji, waliitaja Crohn miongoni mwa mambo yanayoendana na vipandikizi kushindwa mapema, kabla hata jino halijafungwa. Wenye Crohn katika hesabu yao walikuwa wachache, kwa hiyo mimi siichukui kama hukumu. Sikukatazi kupandikiza. Nakukataza kupandikiza sasa, wakati juzi tu umeniambia unaamka usiku kukimbilia chooni.

Mtafute kwanza daktari wako wa tumbo. Akupime vitamini D, akupime choo kuona uvimbe umebaki kiasi gani, na kama umekula prednisoloni muda mrefu mwulize kuhusu kipimo cha uimara wa mifupa. Dozi aipunguze yeye, usije ukaiacha ghafla kwa haraka ya jino. Hiyo ni hatari kubwa kuliko pengo. Kisha daktari wa meno apewe orodha ya dawa zako zote, na zile sindano za Crohn usizifiche.

Jingine, na hili wengi hawaambiwi: ukishapasuliwa utapewa dawa ya maumivu, na mkono wa mfamasia huwa mwepesi kwenye diklofenaki na ibuprofeni. Hizo zinaweza kuuamsha utumbo wako. Omba parasetamo. Wakikuandikia antibayotiki, wakumbushe tumbo lako lilivyo, na kuhara kukizidi usingoje kesho.

Na sigara. Usinijibu kwamba ni mbili tatu za wikendi. Inachochea Crohn na inaharibu vipandikizi, yote mawili, na dada yako ameshaniambia umerudia.

Ile pleti ya jino la kuvaa inatosha kabisa kwa harusi ya Desemba, picha hazitajua. Pesa uliyoweka usiiguse, baba yako ameahidi kuongezea. Majibu ya vitamini D yakitoka nipigie picha unitumie siku hiyo hiyo.

Mama yako