Barua ya wazi kwa Waziri wa Katiba na Sheria: umri wa ndoa na umri wa kuishi

Dar es Salaam, Machi 2024

Mheshimiwa Waziri,

Ninakuandikia kuhusu kifungu cha 13 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kinachomruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 huku mvulana akitakiwa asubiri hadi 18. Mwaka 2016, katika shauri lililofunguliwa na Rebeca Gyumi, mwanaharakati wa haki za wasichana, Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu hicho na kile cha 17, kinachohusu ridhaa ya mzazi, vinakiuka Katiba, ikaipa Serikali mwaka mmoja wa kuvirekebisha. Serikali ikakata rufaa, ikashindwa Oktoba 2019. Hoja za kisheria majaji wamekwisha kuzimaliza. Ninachoomba ni suala hili litazamwe pia kama suala la uhai, maana kila linapoibuka tunabishana juu ya mila na maadili, na takwimu za afya zinabaki kuwa kazi ya wizara nyingine.

Utafiti wa Demografia na Afya wa 2015/16 ulikadiria vifo 556 vinavyotokana na uzazi kwa kila vizazi hai 100,000, na ule wa 2022 ukakadiria 104. Wakunga wetu wanastahili pongezi kwa hilo. Hata hivyo, utafiti huohuo wa 2022 unaonyesha kuwa wasichana 22 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 19 wamekwisha kupata ujauzito. Nyonga ya binti wa miaka 15 mara nyingi haijakomaa; uchungu unapokuwa pingamizi, yaani mtoto akishindwa kupita, na upasuaji ukachelewa, anayenusurika anaweza kubaki na fistula, tundu linalomfanya avujwe na mkojo au kinyesi. Chukua kadi ya kliniki ya mama mjamzito uisome, Mheshimiwa: miongoni mwa dalili za hatari ambazo muuguzi hutakiwa kuzikagua umo umri mdogo wa mama, pamoja na kimo kisichofika sentimita 150. Yaani Serikali ileile inayomwandika binti huyu kuwa yuko hatarini ndiyo inayomruhusu kuolewa.

Wastani wa umri wa kuishi hupanda zaidi pale watoto wanapoacha kufa kabla ya kutimiza miaka mitano, kuliko pale wazee wachache wanapofikisha miaka 90, na mtoto wa mama aliyesoma na kuzaa akiwa amekomaa ana nafasi kubwa zaidi ya kuishi. Sri Lanka, ambako wanawake walianza kupiga kura mwaka 1931 na elimu ikatolewa bure tangu miaka ya 1940, watu wanaishi kwa wastani wa zaidi ya miaka 75, ingawa nchi hiyo haijawahi kuwa tajiri. Jirani zetu wa Rwanda, wenye wanawake wengi kuliko wanaume bungeni na sheria iliyoweka umri wa ndoa kuwa miaka 21, walitoka takriban miaka 51 katika sensa ya 2002 hadi karibu 70 katika ile ya 2022. Sidai kwamba sheria ya ndoa peke yake ndiyo iliyoleta hayo. Bima ya afya ya jamii na wahudumu wa vijijini walifanya kazi kubwa.

Wapo wanaosema ndoa ya mapema humkinga binti na mimba ya nje ya ndoa. Mimba haipungui hatari kwa sababu mahari imelipwa. Isitoshe, tangu marekebisho ya Sheria ya Elimu ya 2016, anayemwoa mwanafunzi anakabiliwa na kifungo cha miaka 30, lakini binti wa umri uleule ambaye hakuchaguliwa kuendelea na sekondari anaolewa kihalali kwa ridhaa ya mzazi. Aliyekosa shule ndiye tuliyemwondolea kinga, wakati ndiye anayeihitaji zaidi.

Bunge la bajeti linaanza Aprili. Ninaomba Wizara yako iwasilishe muswada unaoweka miaka 18 kwa wote, bila mwanya wa ridhaa ya mzazi wala kibali cha mahakama, na kama hautawasilishwa katika mkutano huo, wananchi waelezwe ni lini.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwananchi